Dakika 11 za Simu na Mkupuo Wangu wa Kustaafu

Simu ile ilichukua dakika 11. Nilihakikisha baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, niliporudi kwenye mazungumzo yangu ya WhatsApp na mshauri wa fedha kuitafuta. Septemba 2023, saa 10 jioni. Ndani ya dakika hizo niliamua mahali pa kuweka shilingi milioni 40, kati ya milioni 55 nilizolipwa kama mkupuo baada ya miaka 34 ya uuguzi.

Wenzangu wengi wanastaafu mwaka huu na mwakani, na kila wiki napigiwa simu: "Sista, wewe hela yako uliiweka wapi?" Nimechoka kujibu nusunusu, kwa hiyo naeleza yote hapa, pamoja na yale ambayo nilikuwa naona aibu kuyasema.

Nilistaafu Juni 2023 nikiwa na miaka 60. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, kilichoanza Julai 2022 kilikuwa kinakupa asilimia 33 kwa mkupuo, iliyobaki unalipwa pensheni kila mwezi. Mkupuo ulipoingia benki sikulala siku mbili. Sikuwahi kuona tarakimu nyingi namna ile kwenye simu yangu. Milioni 8 tukaezeka upya nyumba yetu ya Kihonda, hapa Morogoro. Milioni 4 nikalipa madeni madogomadogo na ahadi za watu. Milioni 3 nikaziacha benki. Zile 40 niliziogopa hata kuzigusa, nikataka mtu anayejua aniambie la kufanya.

Kwenye kundi letu la wastaafu mwenzangu mmoja akaweka namba ya kijana wa Dar es Salaam, mshauri katika kampuni ya udalali wa hisa na hatifungani. Nataka ieleweke mapema: kijana yule hakuwa tapeli. Kampuni yake ilikuwa na leseni, aliyoniambia kuhusu hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba) yalikuwa kweli, hela yangu ilifika Benki Kuu, na riba ikaingia tarehe aliyoitaja. Kosa letu lilikuwa jingine.

Aliponipigia nilikuwa barazani. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake pembeni, na majirani wawili walikuwa wamekuja kwa habari za kikoba. Kijana akaniamkia vizuri, akaanza kuniuliza maswali kama wanavyofundishwa. Kipato changu kwa mwezi? Nikamjibu pensheni, kama laki saba na nusu. Nina watoto wanaosoma? Hapana, wamemaliza. Nina madeni?

Hapo nikatazama majirani, nikatazama mume wangu, nikasema, "Hapana mwanangu, niko vizuri."

Ukweli ni kwamba hati ya nyumba yetu ilikuwa benki. Mwaka 2021 mtoto wetu wa kwanza alikopa kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi, sisi tukaweka nyumba kama dhamana. Mkopo ule ulikuwa kwa jina lake, basi nikajiambia sijadanganya. Nilijua pia kwamba duka lilikuwa linayumba, maana miezi miwili nyuma alinipigia usiku akaomba nimsaidie rejesho. Lakini ni mama gani anayeweza kusema hayo barazani, majirani wamenyamaza wanasikiliza, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona?

Akauliza tena, "Hela hii unategemea kuitumia lini, mama?" Nikamjibu, "Siyo leo wala kesho." Kwangu jibu hilo lilikuwa la unyenyekevu, la kuonyesha kwamba sina haraka ya kula. Yeye aliandika kwamba mteja anaweza kukaa muda mrefu. Akapendekeza hatifungani ya miaka 20, riba asilimia 12.10 kwa mwaka, inayolipwa kila baada ya miezi sita. Kwa milioni 40 hiyo ni shilingi milioni 2.42 kila nusu mwaka. Nikaona ni kama mshahara wa pili. Fomu zikaja kwa simu, nikazichapisha stesheneri, nikasaini ukurasa wa mwisho, nikaupiga picha, nikamtumia. Kurasa nyingine nilizipitisha macho tu.

Riba ya kwanza iliingia Machi 2024, nikashukuru Mungu. Mwisho wa mwezi huohuo mtoto akaja nyumbani bila kupiga simu. Alisimama mlangoni na bahasha ya kaki mkononi, na kabla sijaifungua nikajua. Benki ilikuwa imetoa notisi ya siku 60. Deni lililobaki lilikuwa milioni 19.4, na lisipolipwa nyumba itauzwa.

Nikampigia mshauri. Naye alishtuka kweli, nilimsikia. Akanieleza kwamba hatifungani ya miaka 20 haivunjwi kama akaunti ya muda maalumu, mpaka apatikane mtu wa kuinunua sokoni. Na kwa kuwa riba za sokoni zilikuwa zimepanda, anayetaka hatifungani hawezi kuichukua yangu ya 12.10 kwa bei kamili wakati anaweza kupata nyingine inayolipa zaidi, labda nimpunguzie. Tukasubiri mnunuzi karibu wiki tatu. Zile wiki tatu nilikuwa naamka usiku naenda kushika kuta za nyumba yangu. Alipopatikana, bei ilikuwa shilingi 82 kwa kila 100. Nikauza za milioni 20 nikapata milioni 16.4, na baada ya kamisheni na tozo zikabaki kama 16.3. Nikaongeza riba ya Machi, nikaongeza na pensheni, deni likaisha. Hati ya nyumba tukairudisha kabatini.

Shilingi milioni 3.6 zilipotea hivyo. Na uchungu mwingine niliupata pale nilipokaa na daftari nikapiga hesabu kwa utulivu. Mkopo wa mtoto ulikuwa wa asilimia 18. Kwa miezi ile yote mkono huu ulikuwa unapokea 12.10, na mkono ule, kwa dhamana ya nyumba hiyohiyo, unalipa 18. Mshauri yeyote, hata aliyeanza kazi jana, angejua hilo angeniambia nilipe mkopo kwanza, ndipo tuzungumze hatifungani. Hakujua. Sikumwambia, naye hakuwa mahali ambapo angeweza kuona kwamba kuna kitu sijasema.

Hili linaniuma zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Miaka 34 wodini sikumpa mgonjwa dawa bila kumtazama usoni. Mgonjwa anaweza kukwambia hana maumivu huku ameshika shuka mpaka vidole vimebadilika rangi. Unamwona, unasogea karibu, unamuuliza tena kwa sauti ya chini baada ya ndugu zake kutoka. Nilifundisha wauguzi wadogo mambo hayo. Halafu jasho langu la miaka yote nikaruhusu lipimwe kwa simu, barazani, katikati ya watu.

Julai 2024 mume wangu akasema hatufanyi uamuzi mwingine wowote wa hela bila kukaa uso kwa uso na mtu. Treni ya SGR ilikuwa imeanza mwezi uliotangulia. Nauli Morogoro hadi Dar ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mmoja. Kwenda na kurudi watu wawili ilikuwa 52,000, na bajaji na chakula siku nzima ilitugharimu kama elfu 80. Naandika hesabu hii kwa sababu watu wengi huniambia "nauli tu ni hasara". Linganisheni wenyewe na milioni 3.6.

Kabla ya kwenda nilifanya kitu ambacho mwaka 2023 sikukifanya. Niliangalia kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kama kampuni tunayoiendea ina leseni na leseni hiyo ni ya kazi gani. Orodha iko kwenye tovuti yao, mtoto yeyote mwenye simu anaweza kukusomea. Na hapa niseme wazi, maana nimeona watu wanageuza maneno yangu: kuonana ana kwa ana peke yake hakukulindi. DECI, wale wa upatu, walikuwa na ofisi, walikuwa na watu wa kuwatazama usoni, waliimbishana habari za kupanda mbegu na kuvuna, na watu walipanga foleni wenyewe mpaka serikali ilipowafunga mwaka 2009. Viongozi wake wakahukumiwa 2013, na waliopanda hawakuvuna. Leseni kwanza, halafu sura.

Tulibeba mfuko wa karatasi: hati ya nyumba, barua ya pensheni, karatasi za ule mkopo uliolipwa, taarifa ya akaunti yangu ya CDS inayoonyesha hatifungani zangu, kadi za bima. Mshauri wa pili alikuwa mama wa makamo. Alituamkia, akamvutia mume wangu kiti kwanza, maana anatembea na fimbo tangu kisukari kilipomla vidole viwili vya mguu. Kompyuta yake akaisogeza pembeni, akachukua karatasi nyeupe na kalamu.

Swali lake la kwanza sikulitegemea. "Dada, mwezi uliopita ni watu gani walikupigia simu kuomba hela?"

Nikacheka kidogo, halafu nikaanza kuhesabu. Mdogo wangu wa Kilosa, ada. Mtoto wa marehemu kaka, kodi ya chumba. Msiba wa jirani. Mtoto wetu wa kwanza, ambaye hakuomba lakini nilimpa. Tulifika watu saba. Aliandika kila mmoja na kiasi chake, akajumlisha, akanigeuzia karatasi. Laki 2 na elfu 90. Kwa mwezi mmoja, kutoka kwenye pensheni ya laki saba na nusu. Kijana wa simu aliniuliza matumizi yangu nikamwambia chakula, umeme, maji na nauli. Sikumdanganya. Hawa saba sikuwahi kuwahesabu kama matumizi. Niliwahesabu kama ndugu.

Mume wangu naye alikuwa na swali alilolibeba toka nyumbani: "Wewe, mama, unalipwa na nani?" Alijibu palepale kwamba kampuni inapata kamisheni tukinunua au kuuza kupitia kwao, na tukiweka hela kwenye mfuko wa uwekezaji ambao si wao hapati kitu. Mume wangu ni fundi seremala, amezoea wateja na wauza mbao. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamtazama mikono wakati anajibu. Kwenye simu mtu akinyamaza kidogo unasema ni mtandao. Pale mezani ukimya ukiwepo wote mnauona.

Kuna jambo jingine alilofanya ambalo ningependa kila mtu alidai. Baada ya kueleza kwa nini bei ya hatifungani hushuka riba mpya zikipanda, alichora mstari kama mbao ya kubembea, upande mmoja riba, upande mwingine bei. Halafu akasema, "Hebu nirudishie kwa maneno yako." Nikaguswa, maana ndivyo tulivyokuwa tunawafanyia wagonjwa wanapotoka na dawa: mama, hebu niambie utakunywa mara ngapi, kabla ya kula au baada. Nilimrudishia, nikakosea kidogo, akanirekebisha. Mume wangu akairudisha vizuri kuliko mimi.

Tukakubaliana hatifungani iliyobaki ya milioni 20 tusiiuze, tuiache itupe riba yake ya milioni 1.21 kila nusu mwaka. Tukasimama, tukaagana, karatasi nikazipanga mfukoni.

Wauguzi wenzangu mnalijua neno la mlangoni. Mgonjwa anakaa na daktari robo saa anaongelea mafua, halafu akishashika kitasa anageuka: "Na daktari, hiki kiuvimbe..." Kilichomleta ni hicho kiuvimbe.

Mume wangu alishika kitasa cha mlango, fimbo mkono mwingine, akageuka. "Mama, samahani. Huyu mwenzangu akitangulia yeye, mimi nitaishi na nini?"

Nilibaki nimesimama. Tangu alipoanza kuumwa mipango yangu yote ya moyoni ilikuwa ya kubaki mimi. Mimi ndiye mzima, mimi ndiye ninayemfunga kidonda. Sikuwahi kufikiria kwamba yeye usiku analala akihesabu upande wa pili. Fundi seremala hana pensheni. Hatifungani jina langu. Akaunti ya benki jina langu. Akaniambia tukiwa ndani ya treni kwamba swali lile alikuwa nalo tangu siku ya simu ya barazani. Aliona majirani wapo, halafu simu ikakatwa.

Yule mama akafunga mlango, akatuambia tukae. Tulikaa tena dakika 40, na hizo ndizo zilizobadilisha maisha yetu kuliko zile za mwanzo. Alitueleza kwamba nikifariki leo, hatifungani ile isingekwenda kwa mume wangu moja kwa moja. Familia ingebidi ikae kikao, ateuliwe msimamizi wa mirathi, aende mahakamani apate barua, ndipo dalali na benki wamsikilize. Miezi hiyo yote mzee angekuwa anaishi kwa nani? Akatushauri fedha za dharura tuziweke mahali penye majina yetu wawili, na zinapotoka haraka. Akataja mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza fedha za watu kwa pamoja, ambako unaomba kutoa na fedha zinaingia benki ndani ya siku chache za kazi. Kamisheni yake hapo haikuwepo, kama alivyokwisha kumwambia mume wangu. Akatuambia pia tuandike wosia, na tumweleze mtoto mmoja tunayemwamini karatasi ziko wapi.

Tulifungua akaunti ya pamoja mwezi huohuo kwa milioni moja na nusu tuliyokuwa tumebaki nayo. Riba ya Septemba ikaingia tukaipeleka humohumo yote, na ya Machi 2025 vilevile. Hela si nyingi. Lakini mzee ana kadi yake ya benki, anajua namba ya siri, na ameshakwenda mwenyewe mara moja kutoa elfu 50 ili tu aone kama inatoka.

Wosia tuliuandika Novemba. Ilikuwa siku ngumu, tulilia wote wawili, sitasema zaidi.

Kijana wa kwanza nilimpigia, sikutaka kinyongo kikae. Nilimweleza juu ya hati ya nyumba na kwamba nilimficha. Akasema, "Mama, na mimi nilipaswa kukuuliza kama uko peke yako." Swali dogo kabisa hilo, naliweka hapa kwa washauri watakaosoma: kabla ya kumuuliza mtu madeni yake, muulize kama mahali alipo anaweza kuongea. Na kama hela anayokukabidhi ni ya maisha yake yote, mfuateni alipo au mwiteni aje, na mwenzi wake aje naye. Vijana wengi wana wateja kutoka Kagera hadi Mtwara na hawawezi kuwazungukia wote, hilo nalielewa. Lakini kuna wastaafu kila mkoa, siku moja kwa mwezi katika ukumbi wa chama au wa parokia ingetosha watu kumi kuja na karatasi zao.

Simu sijaiacha. Taarifa za salio zinakuja kwa simu, nikiwa na swali dogo namwandikia yule mama WhatsApp ananijibu. Inafaa kwa sababu sasa ananijua, nikiandika "tuko salama" anauliza mguu wa mzee unaendeleaje. Kilichobadilika nyumbani kikikubadilishia hesabu, ugonjwa, mtoto kurudi, kiwanja kuuzwa, panda gari uende. Nenda asubuhi, kabla hawajachoka. Usisaini siku hiyohiyo. Rudi nyumbani na fomu, lala nazo, zisome zote, hata zile kurasa za katikati.

Tunakwenda tena mwezi ujao. Tuna daftari la maswali mezani pale jikoni, kila anayekumbuka jambo anaandika. Jana usiku nimelifungua nikakuta mzee ameongeza moja kwa mwandiko wake wa kupima mbao, herufi zimesimama kila moja peke yake: MTOTO WA KWANZA ANATAKA KUANZA TENA. TUMPE KIASI GANI BILA HATI?